Ngoja ngoja ya mikataba migodini inamfikia hata muuza mchele

Mkulima wa mpunga wa Msalala na mwenye duka wa Kakola hawakai kwenye meza ya mazungumzo ya mishahara ya mgodi. Hata hivyo matokeo yake wanayaona mapema, kwenye daftari la madeni. Mchimbaji anakopa mchele, sukari na sare za watoto akiahidi kulipa nyongeza ikitoka. Isipotoka, deni linahamia mwezi ujao, na mwenye duka naye anashindwa kumlipa aliyemletea magunia.

Ukanda wetu umeona migodi ikibadilisha wenyewe mara nyingi. Bulyanhulu ilikuwa ya Sutton Resources, Barrick wakainunua kampuni hiyo mwaka 1999. Geita ilimilikiwa nusu kwa nusu na Ashanti na AngloGold, nazo zikaungana mwaka 2004. Baadaye ikaja Acacia, ambayo Septemba 2019 ilirudi mikononi mwa Barrick, na Januari 2020 yakatiwa saini makubaliano ya kampuni ya Twiga, ambamo Serikali ina hisa asilimia 16.

Ndugu msomaji, kampuni zinapoungana, hisa huhama kwa tarehe inayojulikana hata kwa saa. Leseni huhama, mitambo huhama. Kinachobaki bila tarehe ni mkataba wa hali bora za kazi. Wafanyakazi huambiwa wangoje uongozi mpya ujipange, na kujipanga huko hakuna anayekupimia.

Mkulima wa pamba anaielewa hali hii bila kuelezwa. Msimu ukichelewa kupata bei, pamba iko nyumbani, deni la pembejeo linadai, na mnunuzi hana haraka. Mwenye njaa ndiye anayelegea kwanza. Ndivyo ilivyo kwa mchimbaji: kila mwezi wa kungoja analipwa mshahara wa zamani kwa bei mpya za sokoni, na mwajiri hapotezi kitu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 si mbaya. Inakitambua chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi, inawataka wote wajadiliane kwa nia njema, na inamtaka mwajiri atoe taarifa zinazohitajika katika majadiliano. Inatoa siku 30 za kukutana kuhusu kutambuliwa kwa chama, na siku 30 za usuluhishi mgogoro ukifikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lakini majadiliano yenyewe hayana ukomo. Pengo liko hapo, na anayetaka kuchelewesha analijua.

Uvumilivu ukiisha, wapo wanaoruka ngazi. Oktoba 2007 wachimbaji wa Bulyanhulu waligoma, kampuni ikauita mgomo huo haramu, na mamia wakafukuzwa kazi. Sheria inamlinda anayegoma baada ya usuluhishi kushindikana, kura kupigwa na notisi ya saa 48 kutolewa. Asiyefuata hatua hizo anampa mwajiri kisu. Waliofukuzwa walikuwa pia wateja wa maduka yetu.

Lawama zote tusimtwike mwajiri. TAMICO na NUMET wote wanaandikisha wachimbaji, na panapokuwa na mvutano wa nani ana wengi, mwajiri anakaa pembeni akinywa chai. Huko Marekani mashirika ya ndege ya US Airways na America West yaliungana mwaka 2005. Marubani wa pande mbili wakagombana wao kwa wao juu ya nani ni mkubwa kazini, na hadi shirika lao lilipoungana na American Airlines Desemba 2013 walikuwa bado wanarusha ndege kwa mikataba tofauti. Miaka minane! Hao ni watu wenye mawakili wa kuajiri, sembuse dereva wa lori la mgodi.

Viongozi wa chama nao wawaambie wanachama mazungumzo yamefikia kifungu gani. Ada inakatwa kwenye mshahara kila mwezi bila kuchelewa, basi taarifa nayo itoke kila mwezi. Mwanachama asiyejua lolote ndiye anayesikiliza uvumi wa kilabuni na kuacha zamu.

Ninachopendekeza ni kwamba, mgodi unapobadilisha mwenyewe, tarehe ya mwisho ya kukamilisha mkataba wa hali bora iandikwe ndani ya masharti ya mauziano yenyewe, na ikipita, shauri liende Tume mara moja. Kwa Bulyanhulu njia ni fupi zaidi, maana Serikali ni mwenye hisa. Wanaoiwakilisha ndani ya Twiga huulizia gawio. Waulizie pia mkataba wa wafanyakazi umetiwa saini lini na unaisha lini, na majibu yabandikwe langoni mwa mgodi, mahali ambapo hata muuza mchele anaweza kuyasoma kabla hajakopesha.