STAA, ACHENI MITAJI YA WATOTO WA WATU: HERENI HAIHITAJI KAMERA YA MAMILIONI

Kuna mdada mmoja hapa mjini, jina kapuni, wafuasi kibao, ambaye siku hizi kajipa kazi ya kuwafundisha wajasiriamali kupiga picha. Somo lake ni fupi: kama huna 'fulu fremu', yaani kamera ya sensa kubwa, biashara yako ya mtandaoni ni utani. Kila video inaishia kwenye namba ya duka lile lile.

Walioingia mkenge wapo. Binti mmoja wa Sinza anauza hereni na pete za shanga. Kachukua hela ya kikoba, kajumlisha na ya mzigo, kanunua kamera kubwa na lenzi ya 24-70. Kufika nyumbani, kila akiisogeza karibu na hereni inagoma kufokasi. Akirudi nyuma inakubali, lakini hereni inabaki katikati ya meza kama imepotea njia. Akiikata picha ibaki hereni tupu, anatupa sehemu kubwa ya zile pikseli alizozilipia. Sasa ana kamera, mzigo hana.

Kosa si la binti. Kwa picha za karibu, kinachoamua ni lenzi, na namba ya kuuliza dukani ni ukuzaji wake. Canon EF 24-70mm f/2.8L II, lenzi ya wenye nazo, inaishia 0.21. EF 50mm f/1.8 STM, kale kadogo ka plastiki wanakoanza nako wengi, nako 0.21. Sawasawa! Ila EF-S 60mm f/2.8 Macro inafika 1.0: hereni ya milimita 15 inachukua milimita 15 za sensa, na kwenye Canon za sensa ndogo, zenye upana wa kama milimita 22, hapo ni theluthi mbili ya picha. Na hiyo EF-S haifungi kwenye zile fulu fremu za EF. Kwa hiyo ushauri wa staa haukumla binti hela tu, umemfungia na njia ya bei nafuu.

Kamera ya kuanzia, hata used, inatosha kabisa. Wa Nikon wawe macho kidogo: D3500 na ndugu zake hazina mota ya fokasi ndani, hivyo lenzi ya zamani ya AF-D italazimu kuzungusha kwa mkono. Si msiba, picha za karibu wengi huzungusha kwa mkono hata hivyo. Asiye na hela ya lenzi ya makro atafute pete za kurefusha, zile zenye uwazi bila kioo, zinakaa kati ya kamera na lenzi. Achukue zenye pini za umeme. Zisizo na pini, kwenye Canon hawezi kubadili f.

Halafu mwanga, ambao staa hajawahi kuugusa kabisa. Ukikaribia hivyo, eneo linaloonekana kali ni jembamba mno, shanga ya mbele inang'aa na ya nyuma ukungu. Dawa ni kwenda f/8 au f/11, na hapo mwanga unapungua sana, kwa hiyo stendi na taa vinakuwa muhimu kuliko jina la kamera. Taa ya duara ya TikTok inaacha duara jeupe kwenye kila kitu kinachong'aa. Dirisha lenye pazia jeupe, na manila nyeupe upande wa pili kurudisha mwanga, vinaipita. Usiku, flashi iliyotolewa juu ya kamera ikapigwa kupitia kitambaa cheupe.

Mashabiki wake wanajitetea kwamba fulu fremu inapiga vizuri gizani. Kweli, kwa mpiga picha wa harusi ukumbini. Hereni haichezi muziki, inakaa pale pale mpaka mtu amalize.

Juzi kaposti picha ya lipsi, kaandika "kamera kubwa ndiyo siri". Kwenye mdomo uliopakwa yanaonekana maduara mawili meupe. Mfuasi mmoja kauliza lenzi gani imetumika. Kajibiwa na kopa jekundu na namba ya duka.