Anayekuambia Ethi Haina Kazi Asifunge Mashine Yako

Ndugu mfugaji na mfanyabiashara wa Kibaha na Kisarawe, leo tuambizane ukweli. Kuna msemo umezoeleka kwa baadhi ya mafundi wetu, kuanzia Mlandizi hadi Maneromango: "Ethi haina kazi, mashine inawaka bila hiyo."

Ni kweli inawaka. Lakini ethi haikuwekwa ili mashine iwake. Iliwekwa ili wewe ubaki hai siku mashine ikiharibika.

Chukua mashine ya kutotolesha vifaranga ya kuundwa mtaani. Bodi ni bati, ndani kuna sinia la maji na unyevu usiku na mchana. Transfoma ya kushusha umeme kutoka volti 230 imeshikwa na skrubu moja kwenye kipande cha ubao. Transfoma hupata moto na kutetema. Skrubu ikilegea, waya unasuguana na bati, ganda linachubuka, bati lote linashika umeme. Bila ethi hakuna kinachokatika. Mashine inaendelea kuwaka huku ikikusubiri wewe, au mtoto uliyemtuma kugeuza mayai akiwa peku.

Utasema gharama. Umenunua mashine, mayai na chakula cha kuku, halafu mita chache za waya ndizo zikushinde?

Kabla ya kulipa, kagua haya:

1. Transfoma ifungwe kwa bolti na nati kwenye fremu ya chuma, mbali na maji, palipo na matundu ya hewa.
2. Waya wa kijani na njano ufungwe kwenye bodi kwa bolti yake peke yake. Rangi ikwanguliwe hadi chuma kionekane. Rangi huzuia umeme kupita.
3. Plagi iwe ya pini tatu, na pini ndefu ya ethi isikatwe.
4. Waya unaoingia ubanwe, ukivutwa usichomoke, na tundu la bati liwe na mpira.
5. Nyumba iwe na nondo ya ethi ardhini, pamoja na swichi inayokata umeme unaovuja, ya miliampia 30. Nondo peke yake mara nyingi haitoshi kukata fyuzi, hasa kwenye mchanga mkavu kama wetu.

Mnaotengeneza mashine za kuchomelea kwa transfoma za microwave, acheni. Transfoma ile hutoa kama volti 2,000, na kapasita yake hubaki na umeme hata plagi ikichomolewa.

Nanyi wauzaji, mashine ya bati yenye waya mbili tu msiipokee dukani. Faida yake ndogo, msiba wake mkubwa.

Fundi wa kufunga umeme wa nyumba au banda muulize leseni ya EWURA. Akikasirika, umeshapata jibu. Tafuta mwingine.