Reli Bila Maungio

Kila siasa zikipamba moto, huku Kericho na Bomet tunaahidiwa reli. SGR itatoka Naivasha, ipite Narok, ifike Bomet, iendelee Kisumu. Tunapiga makofi. Hakuna anayeuliza abiria atafikaje kwenye hiyo treni.

Tuangalie ile iliyopo tayari. Mkulima wa Litein anataka kwenda Mombasa. Anapanda matatu hadi Kericho, nyingine hadi Nairobi, saa tano hivi malori ya Salgaa yakimhurumia. Anashushwa kwenye vurugu za River Road, anavuta begi hadi stesheni ya zamani. Pale anapanda treni ya mjini hadi Syokimau. Anashuka, begi linapangwa chini linuswe na mbwa, anapiga foleni tena, ndipo aione Madaraka Express. Treni ya asubuhi inaondoka saa mbili, kwa hivyo lazima asafiri usiku kucha au alipie lojing'i. Sasa mwambie nyanya wa miaka sabini kwamba hayo ni maendeleo.

Kule London unatoka treni ya chini ya ardhi pale King's Cross, unapanda ngazi, na treni ya Paris iko juu yako. Sidai tuchimbe mashimo chini ya Moi Avenue. Lakini watu wale walielewa kwamba safari huharibikia kwenye maungio.

Watetezi husema ardhi ya katikati ya jiji ni ghali. Ajabu! Pesa za kuinua daraja la kilomita sita hivi juu ya Mbuga ya Nairobi zilipatikana. Zikapatikana dola bilioni 1.5 za kilomita 120 hadi Suswa, zikazinduliwa kwa mbwembwe Oktoba 2019, na reli ikaishia porini. Ukishuka Suswa ukitaka Bomet, ni wewe na makanga.

Na sisi tuna kidonda cha zamani. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilipita Londiani na Lumbwa, siku hizi Kipkelion. Stesheni ya Kericho ikawa huko Lumbwa, nje kabisa ya mji. Chai ikaja baadaye, ikajaza vilima vyote hivi, na bado reli haikuingia mjini. Leo majani yetu yanakwenda mnada wa Mombasa, na barabara ya kushuka kutoka hapa imejaa malori.

Kwa hivyo, ndugu zangu wa Bomet, wakija na ramani kwenye baraza msiishie kuuliza fidia ya shamba. Fidia muhimu, ndiyo, lakini italiwa iishe. Ulizeni stesheni inakaa wapi: karibu na steji ya matatu, au kwenye shamba la mtu fulani mkubwa kilomita kumi kutoka mjini? Ulizeni kama tiketi moja itamfikisha mtu Mombasa, na kama treni ya kutoka huku ikichelewa ile nyingine itamsubiri. Wakijibu kwamba hayo yataangaliwa baadaye, msitie sahihi.