Gari la Kale Lisimuue Fundi



Majuzi nilivuka kutoka kisiwani Kilwa kuja Kashikishi kukusanya michango ya wanachama. Karibu na soko la samaki nilimkuta fundi mmoja mzee na vijana wake wawili wakifufua Land Rover Series III ya mwaka 1972. Mwenye gari haishi kwetu. Amri yake ilikuwa moja: gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani, kila kipuri kiwe cha wakati wake. Nilikusudia kukaa dakika kumi, nikakaa mpaka jioni. Niliyoyaona pale ndiyo yamenifanya nishike kalamu.

Kwanza niseme wazi kwamba siwapingi wanaofufua magari ya kale. Marekani watu hutumia miaka kuitengeneza upya Pontiac GTO ya mwaka 1964. Kenya wapo wanaozitunza Datsun na Peugeot za zamani kwa ajili ya mashindano ya Safari ya magari ya kale, yaliyoanza mwaka 2003. Sisi wa ufukwe wa Mweru tunayo Land Rover. Gari hili limebeba samaki, wagonjwa, walimu na maiti zetu. Tena pale Ndola palikuwa na kiwanda cha kuziunganisha, na boliti zake zilikazwa na mikono ya wafanyakazi wa Zambia. Kulitunza gari la namna hiyo ni kuitunza kazi yao.

Tena kuchagua kipuri kinachostahili ni elimu kamili, ingawa haina cheti. Yule mzee hakusoma kupita darasa la saba, kama mimi. Lakini aliwaeleza vijana wake bila kitabu. Wavu wa mbele wa Series IIA ni wa chuma, wa Series III ni wa plastiki. Saa za dashibodi katika IIA zipo katikati, katika III zipo mbele ya dereva. Series III zilianza mwaka 1971, na giaboksi yake huingia gia zote za mbele bila kelele, hata ya kwanza. Injini ya petroli ya mwaka 1972 ina kranki yenye beringi kuu tatu; zile za tano zilikuja mwaka 1980. Basi akiletewa injini ya beringi tano akaambiwa ni ya 1972, hadanganyiki. Bodi ni ya aluminiamu haili kutu, lakini chasisi ni ya chuma, na kwa unyevu wa ziwa letu ndiyo ya kukaguliwa kwanza. Nani atasema huyu si msomi?

Sasa nije kwenye neno langu. Mwenye gari alikuwa ameleta sanduku la breki shuu za miaka ya sabini, hazijatumika hata siku moja. Alizitafuta kwa shida na kuzilipia sana. Kijana mmoja alikuwa akipuliza dramu za zamani kwa kompresa. Wa pili alikuwa akizisugua shuu hizo kwa msasa ili zikae sawa. Vumbi la kijivu lilijaa hewani likatua juu ya nywele zao, na juu ya sahani ya nshima iliyokuwa ikiwangoja.

Nikauliza, “Mzee, vumbi hili ni la nini?”

Akajibu, “La breki tu, ndugu yangu. Tumelila tangu ujana.”

Ndugu zangu, breki shuu za miaka ile kwa kawaida zilitengenezwa kwa asbesto, kwa sababu asbesto huvumilia moto. Sahani za klachi na gasketi nyingi zilikuwa nayo pia. Nyuzi zake ni nyembamba kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona, wala hazina harufu. Ukizivuta hukaa ndani ya mapafu. Huleta kukakamaa kwa mapafu, huleta saratani, na kwa mvuta sigara hatari ya saratani ya mapafu huzidi mara nyingi. Ubaya wake mkubwa ni subira yake: ugonjwa huweza kuchukua miaka 20 hata 40 kujitokeza. Ndiyo maana mzee husema hajaugua, na kijana huamini.

Dunia imekwisha kulijua jambo hili. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba juu ya asbesto mwaka 1986. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikamilisha marufuku mwaka 2005. Afrika Kusini, iliyokuwa ikiichimba kwa wingi, iliipiga marufuku mwaka 2008. Marekani ilitangaza marufuku ya asbesto nyeupe mwaka 2024. Je, iweje kile kinachokataliwa huko kifunguliwe hapa Kashikishi, kwa sababu tu sanduku limeandikwa mwaka wa zamani?

Wenye magari watasema, “Bila shuu za asili gari si la asili.” Nawajibu hivi: wavu huonekana, taa huonekana, saa za dashibodi huonekana. Hizo zitafuteni za wakati wake, nasi tutazifunga kwa furaha. Lakini breki shuu imefichwa ndani ya dramu. Shuu mpya zisizo na asbesto zinapatikana kwa kipimo kilekile, na hakuna atakayeona tofauti. Anayepata tofauti ni fundi peke yake, katika kifua chake.

Nilipomwambia hayo, yule mzee alinyamaza, kisha akasema, “Ndugu, nikikataa ataipeleka kazi kwa jirani.”

Hapo ndipo penye shida yetu yote. Fundi mmoja akikataa, anapoteza mkate. Mafundi wote wa Kashikishi na Nchelenge wakikataa, mwenye gari atanunua shuu mpya. Sheria ya usalama na afya kazini ipo, lakini sheria haiji yenyewe chini ya mwembe. Huletwa na watu waliokubaliana.

Kwa hiyo naomba mikutano ya matawi ikubaliane haya. Shuu na klachi za asbesto tusizifunge. Zile za zamani zinazotolewa tusizipulize kwa kompresa wala kuzifagia kavu. Tuziloweshe, tupanguse kwa kitambaa chenye maji, tukitie kitambaa hicho ndani ya mfuko na kuufunga. Kwa kuwa jicho haliwezi kutambua, kila shuu ya zamani tuihesabu kuwa ina asbesto. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto. Chakula kiwe mbali. Na gharama za ulinzi ziandikwe katika bei, alipe mwenye gari.

Siku ile, kabla sijarudi majini, mzee aliizima kompresa na kumtuma kijana kuleta ndoo ya maji. Shuu za mwenye gari alizirudisha ndani ya sanduku lake. Kama kazi ile atapewa au atanyang'anywa, itategemea jirani zake watasema nini.

Umoja ni nguvu.