MWENYE RAMANI NDIYE MWENYE SHIMO

Wandugu wafanyakazi wa mashimo, na ninyi wote wakaaji wa miji ya Katanga,

Mtoto akileta nyumbani cheti cha sekondari, tunamwuliza: «Sasa utasoma nini?» Akijibu «sheria», mama wanapiga vigelegele, na tangu siku ile tunamwita avoka. Akijibu «jiografia na jeolojia», yaani elimu ya inchi na elimu ya mawe, tunakunja uso: «Tumekula vumbi miaka yote ili wewe uvae shati jeupe, nawe unataka kurudi kwenye mawe?» Sisi wenyewe tumesema maneno haya. Leo tunasema wazi: tulikosa.

Tazameni mambo yalivyokwenda. Babu zetu waliijua shaba kabla ya mzungu yeyote kufika. Waliona kilima kisicho na miti, chenye majani tu, wakajua kwamba kuna jiwe la kijani. Wakaliyeyusha, wakafanya misalaba ya shaba iliyokwenda mbali kwa biashara. Mwaka 1892 akafika Jules Cornet, mtu wa jeolojia kutoka Ubelgiji. Hakuleta shaba, aliikuta. Lakini yeye aliandika, akachora, akapeleka habari Ulaya. Mwaka 1906 ikazaliwa kompani ya Union Minière, na mwaka 1911 shaba yake ya kwanza ikayeyushwa Lubumbashi. Na wajukuu wa wenye kilima wakawa wachimbaji wa mshahara katika kilima chao.

Hata majina ya mawe yanatucheka. Jiwe la buluu la shimo la Etoile, hapa Lubumbashi, linaitwa kornetiti, kwa jina la Cornet. Jiwe la Luiswishi linaitwa sengieriti, kwa jina la Edgar Sengier, mkubwa wa kompani. Mawe ya Shinkolobwe yalitoka kwa mikono ya watu wetu, yakaingia katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Waliyabeba. Kazi yake ilikuwa siri ya wengine.

Tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1960 tulipata bendera. Lakini Wakongo waliomaliza universite hawakufika 30 katika inchi nzima. Miezi michache mbele, kwenye mkutano wa uchumi huko Brussels, viongozi wengi walikuwa katika kazi ya uchaguzi, na mahali pao walikaa vijana waliokuwa bado wanasoma. Ng'ambo ya meza walikaa watu waliozijua hesabu zote. Mwanzo wa mwaka 1967 Leta ikachukua mashimo, tukacheza ngoma. Mwezi wa 2 mwaka uleule mkataba ukatiwa sahihi na kompani nyingine ya Ubelgiji, Société Générale des Minerais, isaidie kuendesha kazi na kuuza shaba. Kwa nini? Kwa sababu shimo lilikuwa letu, na akili ya shimo ilibaki kwao.

Wandugu, je, leo ni tofauti? Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yote. Mchimbaji wa mikono wa Kolwezi analeta mfuko wake kwa mnunuzi, mashine ya mnunuzi inasema asilimia, naye anapokea franga kwa neno la mashine asiyoijua. Na Leta ikiwa haina watu wake wa kupima, inakaa kama mchimbaji yule. Karatasi ikisema kila tani 100 za udongo zina tani 2 za shaba, kumbe zina 3, theluthi ya mali imeondoka kabla chepeo haijagusa chini. Hakuna bunduki iliyolia. Ni kalamu tu.

Na jiografia msiidharau. Maji ya kiwanda yatashukia upande gani? Kijiji gani kitayanywa? Watu wakihamishwa, shamba jipya lina udongo wa kulima au changarawe? Asiyejua kusoma ramani atajibiwa: «Hakuna shida, mzee, weka kidole hapa.»

Wengine watatuambia: «Vijana wenye diploma ya jeolojia wapo, wanaendesha pikipiki.» Ni kweli, na ni haya. Lakini ukiona jembe limelala barazani, kosa si la jembe. Kwa hiyo tunadai: Mkataba wa shimo usitiwe sahihi kabla wanajeolojia wetu hawajapima mawe wenyewe. Kila kompani ipokee wanafunzi shimoni na kuwafungulia kabati la ramani, si kuwapa chai mlangoni. Na ramani za zamani za inchi yetu zilizowekwa katika jumba la Tervuren, Ubelgiji, nakala zake zije Lubumbashi, zikae mahali mwanafunzi anaweza kuzifungua.

Na sisi wazazi tuna deni. Tunachanga kwa matanga, tunachanga kwa ndoa. Tuchange pia kwa nyundo, viatu na safari ya mwanafunzi anayekwenda kupima vilima. Msichana akitaka, aende; mawe hayaulizi nani ameyashika.

Tulishuka shimoni na taa kichwani, ramani ikabaki ofisini. Mtoto wetu asishuke hivyo. Ashuke na ramani mkononi, na iwe yeye aliyeichora.