Si Homoni Peke Yake

Siku moja hapa Golf tulipokuwa tunatawanyika baada ya mkutano, dada mmoja wa kikundi chetu alijitenga kando ya ukuta akilia kimya. Alikuwa amepata habari kwamba pesa za masomo yake zimekosekana. Wengi wetu tulimpita tukibishana habari za mpira. Tulipomwuliza kaka aliyekuwa karibu naye zaidi, alijibu: “Sisi wanaume tumeumbwa hivyo. Ni homoni.” Tukacheka.

Jibu hilo halikutoka hewani. Mwaka 2011 Jack van Honk na wenzake walichapisha utafiti: wanawake 16 walipewa dozi moja ya testosteroni, kisha wakaonyeshwa picha za macho peke yake, wataje hisia za mwenye macho. Uwezo wao ulipungua. Habari ikaenea. Lakini walikuwa 16 tu! Mwaka 2019 Amos Nadler na wenzake walitoa matokeo ya wanaume 643 waliofanya jaribio hilo hilo la macho. Waliopewa testosteroni hawakuwa wabaya kuliko waliopewa dawa bandia. Hata oksitosini, ile homoni inayosaidia uchungu wa uzazi na kushuka kwa maziwa ya mama, iliwahi kusifiwa mwaka 2007 kwamba huwaongezea wanaume ufahamu huo. Waliorudia jaribio baadaye hawakuyapata matokeo yale.

Hatusemi kwamba homoni hazina kazi. Kila aliyebalehe anajua zilivyo na nguvu. Tunachokataa ni kuzigeuza kuwa ruhusa. Na tazameni jinsi neno hilo linavyotumika kwa pande mbili: kaka asipojali, ni homoni, basi asamehewe, dada akilalamika kwa haki, ni homoni, basi asisikilizwe. Katika hali zote mbili anayeumia ni yule yule, na wala hakuna anayelazimika kuuliza kilichotokea.

Tena kaka yetu huyo kazi yake ni kubadilisha pesa barabarani. Humtambua mteja mwenye haraka, mwenye hofu, hata mwenye noti bandia, kabla hajafungua kinywa. Sisi wenyewe humsifu kwa kipaji hicho. Dada yule alilia hatua tatu kutoka aliposimama.