HESABU YA FEDHA IPO. HESABU YA WATU IKO WAPI?

Ndugu wanachama na wananchi wa Visiwani,

Mpinzani wa kweli haoni haya kulitaja jema alionalo, hata likiwa limetendwa na mkono asioupigia kura. Basi twaanza na jema. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, likaitwa kwa jina la Rais marehemu John Pombe Magufuli. Kabla yake, mtu wa Sengerema au wa Geita aliyekuwa na haja Mwanza alikuwa hana budi kuingoja pantoni, mchana akiungua jua na usiku akiomba isije ikalala ng'ambo. Leo avuka kwa dakika chache. Mwanza nayo imejengewa stendi 2 kubwa za mabasi, ya Nyegezi katika njia ya Shinyanga na ya Nyamhongolo katika njia ya Musoma. Februari 2023 ilishushwa majini meli ya MV Mwanza, iliyoundwa ili ichukue abiria 1,200. Haya yote ni mali ya umma, yamejengwa kwa fedha za umma, na mwenye kuyabeza ajibeza mwenyewe.

Lakini tunalo swali moja, nasi twaomba lijibiwe pasipo matusi. Katika maendeleo hayo yote hesabu ya saruji ipo, hesabu ya nondo ipo, na hesabu ya mabilioni husomwa kwa vipaza sauti siku ya uzinduzi. Hesabu ya abiria iko wapi? Ni nani ajuaye, katika saa hii msomapo karatasi hii, ni watu wangapi waliomo ndani ya daladala ishukayo Mabatini, au ndani ya chombo king'oacho nanga Bugolora? Kama hakuna ajuaye, basi tumejenga nyumba nzuri tukasahau kuuliza nani atalala humo.

Na tumtazame mwanamke wa Ukara aliyeandikiwa na daktari kwenda Hospitali ya Bugando. Avuka kwa kivuko kutoka Bwisya hadi Bugolora. Ashika gari hadi Nansio. Kama hakuipata meli ya kwenda Mwanza, apanda basi; basi nalo laingia katika pantoni ya Rugezi, lashukia Kisorya, lazunguka nchi kavu hadi njia ya Musoma. Lamshusha Nyamhongolo, kwenye stendi nzuri yenye sakafu ing'aayo, lakini Bugando haiko Nyamhongolo. Atafuta daladala ya mjini. Mjini nako si mwisho wa safari, kwa kuwa hospitali iko juu mlimani, apanda pikipiki. Vyombo 6, nauli juu ya nauli, naye mgonjwa. Katika safari hiyo yote mifuko yake imekaguliwa mara nyingi, fedha zake zimehesabiwa mara nyingi zaidi. Jina lake limeandikwa labda mara moja tu, katika tikiti ya basi.

Safari yake yeye ni moja, ila wenye kuisimamia ni wengi. TEMESA yaendesha pantoni za Serikali. TASAC yaangalia usalama wa vyombo vya majini. LATRA, iliyoundwa mwaka 2019, yapanga nauli na njia za mabasi na daladala. Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela wana stendi zao na ushuru wao. Kila mmoja ana kipande chake, na kila mmoja hukisifu kipande chake. Pale vipande vinapokutana, yaani gatini na stendi, ndipo mwananchi anapoachwa peke yake na mzigo wake kichwani.

Sasa tuiseme daladala, maana ndiyo miguu ya Mwanza. Mji ule Mungu aliupanga baina ya mawe na maji. Njia zake kubwa ni 3: ya kusini ipitayo Igogo, Mkuyuni na Butimba hadi Nyegezi na Buhongwa; ya mashariki ipitayo Mabatini, Buzuruga na Igoma hadi Kisesa; na ya kaskazini ipitayo Kirumba na Pasiansi hadi uwanja wa ndege. Zote zakutana katikati ya mji mwembamba. Barabara ya Usagara hadi Kisesa yasaidia malori kuuzunguka mji, lakini muuza dagaa aendaye Mwaloni Kirumba, mwanafunzi na kibarua hawana njia ya kuzunguka. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu zaidi ya milioni moja katika wilaya za Nyamagana na Ilemela. Wengi wao kila alfajiri huingia katika vigari vidogo, magoti kifuani, mmoja akikalia ubao baina ya viti, mwingine akiwa ameinamisha shingo chini ya paa kama aombaye msamaha.

Wako watu husema kwamba makosa yote ni ya dereva na konda. Sisi hatusemi hivyo. Dereva na konda wengi hawana mshahara wala mkataba. Tajiri amewapa gari, nao kila jioni sharti wampelekee kiasi walichoagana. Kiasi hicho huitwaje? Huitwa hesabu. Baada ya hesabu hulipwa mafuta, na kinachosalia ndicho chakula cha watoto wao. Basi ni ajabu gani wakijaza? Ni ajabu gani wakimkimbia mwanafunzi, ambaye nauli yake ni ndogo, na wakikatisha njia kabla ya kufika mwisho? Mfumo wenyewe umewafundisha kwamba hesabu ya fedha haikosekani hata siku moja, lakini hesabu ya watu hakuna atakayewauliza, ila askari njiani, naye huuliza kwa sababu zake.

Tusidanganyike kwamba dawa ni kununua vyombo vikubwa na kumwaga zege basi. Dar es Salaam walianza mabasi ya mwendokasi mwezi Mei 2016, wakatengewa na njia yao peke yao. Ni jambo jema, nasi twalitamani kwa Mwanza. Lakini wakazi wa Dar es Salaam watawaambia kuwa njia haibebi mtu. Basi ndilo libebalo. Basi likichelewa, abiria wa mwendokasi na abiria wa daladala ni ndugu wa tumbo moja.

Mtu wa barabarani akisongwa, huumia mbavu na kushuka kituo kinachofuata. Sisi wa Visiwani tukisongwa hakuna kituo kinachofuata. Kwa hiyo hatuna budi kuyakumbusha mambo mawili ambayo wengine wangependa yasahauliwe.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kwa njia ya Kemondo, ilizama karibu na Mwanza. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa wameandikwa katika orodha. Abiria wa daraja la tatu, yaani makabwela wenzetu, hawakuwa na orodha. Tulizeni nyoyo mlifikirie jambo hilo. Mwenye tikiti ya bei kubwa alikuwa na jina. Mwenye tikiti ya bei ndogo alikuwa mzigo. Ndiyo sababu hata leo waliokufa hutajwa kwa kukadiria, kwamba ni watu wapatao 800 au zaidi. Wengi walizikwa Igoma, huko huko ziendako daladala kila siku zikiwa zimejaa.

Ikapita miaka 22. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, siku ya gulio la Bugolora, MV Nyerere ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa gati la Bwisya, watu wa nchi kavu wakiitazama. Kivuko kile kiliundwa kichukue watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Na walipoulizwa waliokuwamo ni wangapi, jibu halikupatikana, kwa kuwa mkatisha tikiti alikufa na mashine yake ya tikiti ikapotelea majini. Hesabu ilizama pamoja na mhesabu. Kisha bodi zikavunjwa, wakubwa wakaondolewa, na baadaye kikajengwa kivuko kipya kikubwa zaidi. Twashukuru. Lakini kivuko kikubwa kisichohesabiwa watu ni msiba mkubwa unaongoja siku yake.

Hayo ndiyo yanayotufanya tusiridhike na sherehe za kukata utepe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanaotutangazia kwamba usafiri umekuwa bora hupita na magari yenye viyoyozi, na wakija Visiwani huja na boti ziendazo kasi, wakiwa wamehesabiwa mmoja mmoja, tena kwa vyeo vyao. Sisi hatuwaonei wivu kwa viyoyozi. Twawaonea wivu kwa kuhesabiwa.

Kwa hiyo chama chetu chadai haya, na kila tawi liyapeleke kwa diwani na mbunge wake, awe wa chama gani.

Kwanza, kila abiria wa majini aandikwe nchi kavu kabla hajakanyaga chombo, na nakala ya orodha ibaki gatini. Kusiwe tena na hesabu inayoweza kuzama. Ubao mkubwa uwekwe kila gati, uandikwe idadi inayoruhusiwa na idadi iliyokwisha kupanda, ili hata mtoto wa shule aweze kulinganisha.

Pili, siku za gulio ziongezwe safari. Twaambiwa siku zote kwamba watu hujazana ghafula. La, hasha! Gulio si tufani. Siku yake yajulikana tangu juma lililopita. Serikali iwatangazie wananchi kila pantoni yake iko wapi na yabeba watu wangapi, zikiwamo zile zilizokuwa zikivusha Kigongo kabla ya daraja, ili ionekane wazi wapi pana ziada na wapi pana upungufu.

Tatu, dereva na konda wa daladala wapewe mkataba na mshahara, na anayepewa leseni ya njia alazimishwe hivyo. Hapo ndipo idadi ya viti itakapoheshimiwa, nauli kubandikwa mlangoni, na mwanafunzi kupandishwa kama mtu mwingine.

Nne, ziwekwe daladala za kuunganisha: kutoka Nyamhongolo na Nyegezi hadi bandarini na hadi Bugando, kwa saa zinazopatana na saa za meli na mabasi. Stendi kuwa nje ya mji si kosa. Kosa ni kumshusha mtu huko na kumwambia ajijue.

Najua, ndugu zetu, kuna watakaosema: "Mkikataza watu kupanda, waliobaki gatini watalala wapi?" Swali hilo ni la haki, nasi tumelijibu katika dai la pili. Lakini twaongeza kwamba kulala gatini usiku mmoja si sawa na kulala Igoma au Bwisya milele.

Na sisi wenyewe je, tu safi? Hatuwezi kuinyoshea Serikali kidole tukavificha vingine. Ni sisi tunaorukia kivuko kikiwa kimekwisha jaa. Ni sisi tunaompa konda fedha tukimwambia, "Nibane hapo hapo." Ni wafanyabiashara wetu wanaopakia magunia na kreti za soda juu ya idadi ya watu, wakidhani kwamba uzito wa mzigo hauna roho. Anayelipa nauli ili asongwe amekubali kuwa gunia, na gunia halipewi haki.

Basi twaagiza hivi. Tangu gulio lijalo, kila tawi lililo karibu na gati lichague wanachama 2, mwanamume na mwanamke, wakae hapo na daftari na kalamu. Wasigombane na mtu, wasimzuie nahodha, wasitukane askari. Wahesabu tu wanaopanda, waandike tarehe, saa na jina la chombo, na wakiona idadi imepita kiasi wawaambie kwa sauti waliomo na walioko nje: "Ndugu, tumezidi." Wanachama walioko Mwanza wafanye vivyo hivyo katika vituo vya Buzuruga, Nyegezi na Igoma, asubuhi na jioni. Karatasi hii itachapa hesabu hizo kila toleo, pasipo kuongeza wala kupunguza, na tutawapelekea wenye madaraka nakala zao.

Daftari ni kitu kidogo. Lakini laiti daftari moja lingalikuwa nchi kavu siku ile ya Septemba 2018, wazazi wa Ukara wasingalingoja siku nzima wakiuliza kama watoto wao walikuwamo au hawakuwamo. Anayetaka kutuongoza na aanze kwa kutuhesabu.

UMOJA NI NGUVU.